Kutoka Gari la Moshi hadi Simu ya Mkononi: Uganga, Uchawi na Mitambo katika Historia ya Ukambani

Utangulizi

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha Fasihi katika kidato cha nne huko Kithimani, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa, katika eneo la Yatta. Mada ya siku hiyo ilikuwa mgongano wa jadi na usasa. Niliandika ubaoni safu mbili kama tulivyozoea walimu wengi: kushoto nikaweka mila, matambiko, uganga na uchawi; kulia nikaweka shule, hospitali, magari na simu. Nikawaeleza wanafunzi kwamba katika kazi nyingi za fasihi pande hizi mbili hupambana, na kwamba mara nyingi upande wa kulia ndio hushinda. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akanyosha mkono. "Mwalimu, mbona mganga aliyebandika tangazo pale steji ameandika nambari ya simu? Yeye tumweke safu gani?"

Darasa liliangua kicheko. Mimi pia nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Makala haya yananuia kulitafuta jibu hilo katika historia. Yatachunguza jinsi uganga, uchawi na mitambo ya kisasa vilivyokutana Ukambani tangu mwisho wa karne ya 19 hadi wakati wetu. Aidha, yataonyesha kwamba zile safu mbili za ubaoni, ambazo watahiniwa wetu huzikariri na kuzimwaga katika karatasi za mtihani, haziwezi kubeba ukweli wa mambo. Jambo hili si la mtihani tu. Kuna watu wanaopoteza mali, na wengine maisha, kwa sababu jamii haijajifunza kulitazama kwa makini.

Mganga si mchawi

Kabla ya kuendelea ni muhimu tutenganishe istilahi. Katika Kiswahili, mganga ni mtu anayetibu, anayeagua au anayepiga ramli. Mchawi ni mtu anayedhuru wenzake kwa siri. Kikamba nacho kina utengano wa aina hiyo hiyo. Mundu mue (wingi, andu awe) ni mganga. Muoi (wingi, aoi) ni mchawi. Kando yao yupo mwathani, yaani mtabiri anayeona yajayo. Kisha kuna kithitu, kifaa cha kiapo kilichoogopwa mno kwa sababu iliaminika kwamba aliyeapa uongo juu yake angekufa, na pengine jamaa zake pia.

Mtahiniwa anayeandika "uchawi" mahali pa "uganga" amekosea kama vile anayeandika "mwizi" mahali pa "polisi" kwa sababu wote wawili huonekana penye wizi. Tutaona hapa chini kwamba hata serikali ya kikoloni ilifanya kosa hilo, na matokeo yake yalikuwa makubwa.

Lugha yenyewe inatupa ushahidi mwingine. Tutazame neno "dawa". Mswahili husema dawa ya homa, dawa ya mbu, dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya mapenzi. Neno moja linafunika kemikali ya kiwandani na hirizi ya mganga. Tutazame pia neno "fundi". Fundi ni yule anayetengeneza saa au gari, lakini katika ngoma za pepo za pwani, kiongozi wa ngoma naye aliitwa fundi. Kitenzi "kupiga" kadhalika: tunapiga ramli, tunapiga bao, tunapiga picha, tunapiga simu. Ni bayana kwamba wasemaji wa lugha hii hawakujenga ukuta kati ya utaalamu wa mitambo na utaalamu wa mizimu. Walivitazama vyote kama ujuzi wa watu wachache, wenye siri zake, na wenye malipo yake.

Hata jina la Kithimani lina funzo. Kithima ni kisima au chemchemi, na kiambishi -ni ni kile kile cha mahali tulicho nacho katika Kiswahili. Kithimani, basi, ni Kisimani. Mwalimu anayefundisha sarufi huko ana mfano wa unasaba wa lugha za Kibantu mlangoni pake.

Nyoka wa chuma

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Viktoria mwaka 1901. Ilipita Ukambani, lakini mji wa Machakos, uliokuwa kituo cha utawala, iliuacha kando. Mwaka 1899 makao ya utawala yakahamishwa kutoka Machakos hadi Nairobi. Mtambo mmoja ukawa umebadilisha mahali pa mamlaka.

Masimulizi ya Wakamba yanasema kwamba kabla ya hayo alikuwako mtabiri mwanamke, Syokimau, aliyeona nyoka mrefu akipita nchini, akitoa moto na moshi, kutoka maji ya upande mmoja hadi maji ya upande mwingine. Aliona pia watu wa rangi ngeni waliobeba moto mifukoni. Wafasiri husema nyoka ni gari la moshi na moto wa mfukoni ni kiberiti. Masimulizi kama haya hayako Ukambani peke yake. Wanandi wanamtaja Kimnyole, orkoiyot wao, na Wakikuyu wanamtaja Mugo wa Kibiro. Wote wawili wanasemekana kumwona nyoka huyo huyo.

Mwanahistoria ataleta swali gumu hapa. Masimulizi haya yaliandikwa baada ya reli kuwapo. Je, utabiri ulikuwa hivyo tangu mwanzo, au ulinyooshwa na wasimulizi waliokwisha kuiona reli? Swali hili halimvunjii Syokimau heshima. Linatuonyesha kazi ya usimulizi. Jamii iliyoletewa mtambo bila kuulizwa ilikataa kuuona kama kitu kilichotoka nje ya maarifa yake. Ilisema: tulijua, mmoja wetu alikwisha kuuona. Kwa njia hiyo gari la moshi lilitiwa ndani ya historia ya wenyeji. Wala kumbukumbu hiyo haijafa. Kituo cha reli kilichofunguliwa mwaka 2012 nje kidogo ya Nairobi kiliitwa Syokimau. Jina la mtabiri limebandikwa penye reli aliyoitabiri.

Upande wa pili wa kisa hiki uko Tsavo. Mwaka 1898 simba wawili waliwashambulia wajenzi wa daraja, na kwa muda kazi ikasimama. J. H. Patterson, mhandisi aliyewaua simba hao mwezi Desemba, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1907 kwamba wafanyakazi hawakuamini kama hao walikuwa wanyama wa kawaida. Walisema ni roho za machifu wawili waliokufa, waliojigeuza simba ili kuizuia reli isipite nchini mwao. Zingatia kwamba wengi wa wafanyakazi hao walitoka Bara Hindi. Waliojenga mtambo wa kisasa kuliko yote katika Afrika Mashariki ya wakati huo walikuwa wakiueleza kwa lugha ya mizimu. Hawakuona ukinzani wowote.

Sheria ya 1925 na kesi ya 1932

Serikali ya kikoloni ilileta mtambo wa aina nyingine: sheria iliyoandikwa. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, iliyofuata nyingine za kabla yake, ilimwadhibu mtu yeyote anayejidai kuwa na nguvu za uchawi za kuwatia wengine hofu au madhara. Sheria hiyo haikusema kwamba uchawi upo. Ilisema kwamba ni kosa kujidai kuwa nao. Kwa wanakijiji hilo lilikuwa fumbo: mahakama itamfungaje mtu kwa jambo ambalo mahakama yenyewe haiamini kwamba linaweza kutendeka? Tena mundu mue, aliyetafutwa awazuie aoi, alijikuta katika hatari ya kushtakiwa chini ya sheria ile ile pamoja na muoi. Utengano tulioueleza hapo juu haukutiliwa maanani.

Matokeo yalionekana Ukambani. Mwaka 1931 mwanamke aitwaye Mwaiki, aliyedaiwa kumroga mke wa Kumwaka wa Mulumbi, alipigwa na kundi la wanaume hadi akafa. Kumwaka na wenzake 69 walifikishwa mbele ya Mahakama Kuu. Walijitetea kwamba walimwadhibu mchawi kwa desturi ya jadi. Mwaka 1932 watu 60 miongoni mwao walihukumiwa kifo. Hukumu hiyo ilizua mjadala hadi Uingereza, na hatimaye adhabu ya kifo ikabadilishwa kuwa kifungo.

Hapa tusiipambe jadi kupita kiasi. Wakamba walikuwa na desturi iliyoitwa kingole, ambayo kwayo mtu aliyetambuliwa kuwa mchawi aliweza kuuawa na umma. Ilikuwa adhabu ya kutisha. Hata hivyo, kwa kadiri ilivyoelezwa na maofisa walioichunguza mapema katika karne ya 20, haikufanywa kiholela. Wazee walikaa, na ridhaa ya jamaa wa karibu wa mtuhumiwa ilihitajika. Kadhalika kithitu hakikuapwa gizani. Wenye kesi wote wawili walisimama mbele ya wazee, kila mmoja akasema neno lake, na watu wakasikia. Neno la kushika katika aya hii ni shahidi. Uganga wa jadi, pamoja na ukali wake wote, ulikuwa na mashahidi. Tutalirejelea jambo hili.

Serikali yaingia kilingeni

Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, nyanda za Yatta zilichimbwa mfereji mrefu wa kuleta maji kutoka Mto Thika. Waliouchimba walikuwa wafungwa wa Mau Mau. Mkulima wa Yatta anayemwagilia shamba lake kwa maji ya mfereji huo anavuna jasho lao.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 utawala wa Machakos ulifanya jambo ambalo wachache hulikumbuka. Serikali iliogopa viapo vya Mau Mau visienee kwa Wakamba, na iliamini kwamba viapo hivyo vilikuwa na undugu na uchawi. Basi ikawaita waganga. Watu waliotuhumiwa kuwa wachawi walikusanywa hadharani, wakatakiwa kutoa vifaa vyao, kisha wakatakaswa na waganga mbele ya maofisa. John Nottingham, aliyekuwa ofisa wa utawala huko, aliandika makala kuhusu uchawi wa Wakamba mwaka 1959. Katika nchi ya Wakikuyu pia serikali iliwatumia waganga kuwatakasa watu waliokula kiapo. Wakati huo huo ndege ndogo zenye vipaza sauti zilizunguka juu ya misitu zikiwahimiza wapiganaji wajisalimishe.

Mwalimu mwenzangu, tafakari picha hiyo. Juu kuna ndege na kipaza sauti. Chini kuna mganga na dawa ya kutakasa. Vyote viwili vinatumwa na serikali moja, iliyokuwa na sheria ya kuwafunga waganga. Nani atasema tena kwamba usasa ulikuja kuufuta uganga? Usasa uliutumia ulipoona faida. Tofauti na kithitu cha wazee ni kwamba hapa mashahidi walikuwapo, lakini hiari haikuwapo.

Si Ukambani pekee

Mtahiniwa asije akadhani kwamba haya ni mambo ya Afrika tu. Mwaka 1844 Samuel Morse alituma ujumbe wa kwanza mashuhuri wa telegrafu kati ya Washington na Baltimore. Mwaka 1848, katika jimbo la New York, wasichana wawili wa ukoo wa Fox walidai kuwa wanazungumza na wafu kwa njia ya mibisho. Waumini wa mambo hayo waliona uhusiano mara moja: kama ujumbe unaweza kupita katika waya kutoka mji hadi mji, kwa nini usipite kutoka ahera hadi duniani? Gazeti lao moja liliitwa kwa jina lililounganisha roho na telegrafu. Wamarekani, waliokuwa mbele katika mitambo, walifanya yale yale yaliyofanywa na wajenzi wa Tsavo.

Hapa kwetu, kati ya miaka ya 1920 na 1950, uvumi wa mumiani na wazimamoto ulienea kutoka pwani hadi Uganda. Watu waliamini kwamba wazimamoto, kwa magari yao mekundu, waliwakamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu. Gari, mpira wa maji na sare za kazi viligeuka kuwa vifaa vya uchawi wa kizungu. Uvumi huo haukuwa na ukweli wa matukio, lakini ulikuwa na ukweli wa hisia: ulisema kwamba utawala uliwatoa watu damu. Afrika Magharibi nayo imeshuhudia jambo la karibuni zaidi. Nchini Ghana kuna neno sakawa, linalotaja ulaghai wa mtandaoni unaosaidiwa na kafara na dawa za waganga. Kijana huketi mbele ya kompyuta, lakini kwanza amepita kwa mganga ili anayemwandikia ng'ambo alainike.

Mganga wa simu

Sasa turudi steji ya Kithimani. Simu za mkononi zilianza kuenea nchini Kenya tangu mwaka 2000. Huduma ya M-Pesa ikazinduliwa Machi 2007, na mtu akaweza kutuma pesa kutoka kijijini bila kufika benki. Mambo haya mawili yaliubadilisha uganga kuliko sheria ya 1925 ilivyoweza. Matangazo yakabandikwa kwenye nguzo za umeme, kuta na miti: mganga atokaye Kitui, Tanga au Pemba, anayerudisha mpenzi, mali iliyoibwa na kazi iliyopotea. Chini yake, nambari ya simu. Sifa ya Ukambani katika uganga ikawa bidhaa ya kuuzwa nchi nzima.

Kwanza, mteja hana haja ya kwenda kilingeni. Hapimi umri wa mganga, haoni nyumba yake, hamwulizi jirani kama huyu ni mtu wa kuaminika. Anasikia sauti tu. Pili, malipo hutangulia. Desturi ya zamani, katika jamii nyingi, ilikuwa kutoa kidogo kwanza na shukrani kubwa baada ya kupona. Kwa simu, ada ndogo ya kufungulia huombwa. Kisha mteja huambiwa kwamba kazi imekuwa nzito na kafara inahitajika. Kisha kwamba mizimu imekasirika na akiacha sasa atapata wazimu au atafiwa na mtoto. Hofu ndiyo inayomaliza pesa. Tatu, mteja mwenyewe ndiye anayempa mganga siri zote: jina lake, la mama yake, shida yake na anayemshuku. Zinaporudishwa kwake baada ya siku mbili kwa sauti nzito, huonekana kama ufunuo.

Mwenzangu mmoja wa kazi, mtu aliyesoma hadi chuo kikuu, alipoteza karo ya watoto wake kwa njia hiyo. Nilipomuuliza kwa nini hakumwambia mtu, alijibu: "Ningemwambia nani? Simu ni yangu peke yangu."

Jibu lake ndilo kiini cha makala haya. Kilichobadilika si imani. Imani ni ile ile ya siku za Syokimau. Kilichobadilika ni shahidi. Syokimau alisema mbele ya watu. Kithitu kiliapwa mbele ya wazee. Hata utakaso wa kulazimishwa wa miaka ya 1950 ulifanyika barazani. Simu imeuingiza uganga mfukoni, mahali ambapo hakuna mzee, jirani wala jamaa wa kuuliza swali.

Anayeumia zaidi huenda si mteja. Ramli ya simu ikimtaja "mwanamke mzee, jirani, mwenye wivu", huyo mwanamke hatajua kamwe kwamba ametajwa. Hawezi kudai kiapo, hawezi kuleta jamaa zake, hawezi kusema neno. Tunajua tuhuma za namna hiyo huishia wapi. Mwezi Mei 2008 watu 11 waliteketezwa huko Kisii kwa kudaiwa kuwa wachawi, na mwezi Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani, katika kaunti hiyo hiyo. Sisemi kwamba simu ndiyo iliyosababisha vifo hivyo. Nasema kwamba tuhuma isiyo na shahidi ni moto usio na mlinzi, na simu hurahisisha kuuwasha.

Kuna pia video zinazosambazwa, za mwizi aliyezingirwa na nyuki hadi arudishe televisheni ya watu. Wenyewe husema mganga wa Ukambani ametumwa kazi. Mtazamaji ajiulize maswali ya mwanahistoria: nani alipiga picha? Nambari ya simu ya mganga imeonyeshwa wakati gani? Nani anapata faida? Nyuki wanaweza kuvutwa na mtu anayejua kufuga nyuki, na Ukambani ni nchi ya asali.

Fasihi yetu inasemaje?

Waandishi wa Kiswahili walilishughulikia suala hili mapema, kwa njia tatu kuu.

Njia ya kwanza ni ya kuufumbua uchawi kwa akili. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alimleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, anayetatua mauaji yaliyofichwa nyuma ya hofu ya mzimu. Kisima cha Giningi (1968) kinachezea jina linalohusishwa na makao ya wachawi. Katika kazi hizi hofu ya mizimu ni pazia, na nyuma ya pazia yuko mtu mwenye tamaa. Mwanafunzi wa Kithimani anayemshuku mganga wa simu ni mwanafunzi wa Bwana Msa.

Njia ya pili ni ya kuuliza uganga una nguvu gani katika historia. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), anaturudisha kwenye Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambapo dawa ya maji iliaminiwa kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Dawa hiyo haikuishinda bunduki; Kinjeketile Ngwale mwenyewe alinyongwa Agosti 1905. Lakini maji hayo yaliunganisha makabila ambayo hayakuwa yamewahi kupigana upande mmoja. Mtahiniwa anayejibu kwamba "tamthilia inaonyesha ubaya wa ushirikina" ameona nusu tu. Akumbuke pia kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa, si nakala ya yule wa historia.

Njia ya tatu ni ya kuchanganya. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi anamrusha Dzombo kwa chombo cha angani hadi nchi ya ajabu inayofanana na ndoto ya wahenga. Katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, babu aliyekufa anamrudia mjukuu wake, K, katika dunia ya utandawazi. Bina-Adamu! (2002) ya K. W. Wamitila inasafiri katika dunia hiyo hiyo kwa mantiki ya ngano. Wahakiki huita mtindo huu uhalisiajabu au uhalisia mazingaombwe, na baadhi yao hudhani ni mkopo kutoka Amerika ya Kusini. Historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba mchanganyiko huo ulikuwa mdomoni mwa watu tangu reli ilipopita. Waandishi hawa waliuchota katika kisima cha nyumbani.

Nasaha kwa mwalimu na mtahiniwa

Kwanza, tusiwafundishe wanafunzi kwamba jadi na usasa ni safu mbili tu. Tuwaulize wahusika wanavitumiaje vyote viwili, na kwa faida ya nani. Pili, tusisitize matumizi sahihi ya istilahi: uganga, uchawi, utabiri, kiapo na ulaghai ni mambo matano tofauti. Tatu, wanafunzi wakileta masimulizi ya kijijini, tusiyakejeli. Tuwafunze kuyahoji: nani alisimulia, lini, kwa nani, na nani alifaidika. Nne, tuzungumze nao waziwazi kuhusu mganga wa simu, hasa karibu na mitihani, wakati hofu ni nyingi. Mwanafunzi aliyetuma pesa ili apate alama hahitaji viboko. Anahitaji shahidi, yaani mtu mzima wa kumsikiliza.

Hitimisho

Tumeona kwamba mitambo haikuufukuza uganga Ukambani. Gari la moshi liliingia katika utabiri, sheria iliwachanganya waganga na wachawi, na serikali yenyewe iliwaajiri waganga ilipohofia viapo. Simu nayo imeutoa uganga mbele ya watu na kuuweka sirini. Msichana aliyeniuliza mganga wa steji aende safu gani alistahili jibu hili: aandikwe katikati ya ubao, juu ya mstari, na darasa zima lijadili mbona hakuna anayemwuliza swali. Siku hizi sichori tena ule mstari.

Maswali ya kujadili

1. "Kilichobadilika si imani bali shahidi." Jadili kauli hii ukirejelea kithitu na uganga wa simu.
2. Eleza tofauti kati ya mganga, mchawi na mtabiri, kisha uonyeshe athari za kuzichanganya istilahi hizi katika uhakiki.
3. Kusanya masimulizi mawili ya eneo lako yanayohusu mtambo wowote wa kisasa. Yahakiki kwa kuzingatia msimulizi, hadhira na wakati.
4. Je, ni haki kusema kwamba tamthilia ya Kinjeketile inapinga ushirikina tu? Thibitisha.